Mtoto mchanga hadungwi tako: sindano na mahali pake

Wagonjwa wengi Mombasa wakiambiwa ni sindano, hugeuka wenyewe na kulegeza mshipi. Tako limezoeleka, lakini ndipo mahali penye hatari kubwa kuliko pote tunapodunga. Ndani yake mna neva nene inayoteremka hadi wayoni. Ncha ikiigusa, au dawa kali kama kwinini ikimwagika karibu nayo, wayo unaweza kupooza na mtoto akatembea akiuburuta. Msuli wa tako la mtoto ni mdogo na neva iko karibu, kwa hiyo tunatumia paja.

Gawa paja mafungu matatu, kutoka nyonga hadi goti. Dunga fungu la katikati, upande wa nje, sindano ikiwa wima. Kwa ratiba ya Kenya, pentavalenti, chanjo moja inayokinga magonjwa matano, huingia paja la kushoto na chanjo ya nimonia paja la kulia, wiki ya 6, 10 na 14. Paja likivimba, ni rahisi zaidi kwa muuguzi kujua ni chanjo ipi.

Mtu mzima akilazimika kudungwa tako, ligawe robo nne, utumie ile ya juu upande wa nje. Alale kifudifudi, vidole vya miguu vikielekeana, ili msuli ulegee. Penisilini ya benzathini ni nzito: tumia sindano namba 21 au pana zaidi, na usukume polepole bila kusita, maana ukisita inaziba. Dawa hii haitiwi mshipani kamwe. Inaweza kusimamisha moyo.

Begani, shuka vidole viwili au vitatu chini ya ncha ya mfupa. Ukidunga juu zaidi, dawa inaingia kwenye kiungo na mkono unaweza kuuma miezi kadhaa. Mililita 1 inatosha hapo.

BCG, chanjo ya kifua kikuu, ni kazi ya mkono mtulivu. Dozi ya mtoto chini ya mwaka ni mililita 0.05 tu, mkono wa kushoto chini ya kiwiko, sindano ikiwa karibu kulala juu ya ngozi. Ukipatia, ngozi inainuka kama lengelenge jeupe. Isipoinuka, umepita chini ya ngozi, na hapo ndipo jipu hutokea. Baada ya wiki kadhaa hutoka kidonda kidogo. Mama, usikipake dawa wala majani, kitapona chenyewe na kuacha kovu.

Insulini, dawa ya kisukari, huwekwa kwenye mafuta chini ya ngozi. Tumboni, ambako huingia mwilini upesi zaidi kuliko pajani, acha vidole viwili au vitatu kutoka kitovuni. Kila siku sogea upana wa kidole kutoka ulipodunga jana. Wengi hung'ang'ania sehemu moja kwa kuwa haiumi tena, lakini pale pamekuwa donge la mafuta, na dawa inatoka humo bila mpango: leo sukari juu, kesho imeanguka. Papasa kwa vidole, utalihisi. Ukihamia mahali pasipo na donge, zungumza kwanza na daktari kuhusu kupunguza dozi, na upime sukari mara nyingi zaidi, maana kipimo kilekile sasa kitafanya kazi chote.

Kisha kuna joto letu. Chupa za insulini zisizofunguliwa zikae kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, mbali na barafu, ikiganda imeharibika. Iliyofunguliwa kwa kawaida hudumu wiki 4 penye ubaridi. Wakati wa kaskazi, au stima ikipotea, ifunge kwenye mfuko usiopitisha maji na uiweke ndani ya mtungi wa udongo uliolowa, kivulini penye upepo. Unyevu wa pwani unapunguza nguvu ya mtungi, lakini bado ni afadhali kuliko kabati. Ile insulini safi kama maji ikiingia ukungu, au ile ya maziwa ikibaki na mabonge hata baada ya kuiviringisha viganjani, itupe.