Degedege na dawa ya mshipa: maswali ya wazazi wa Moshi

Swali: Kwa nini degedege lisipoisha mtoto hutafutiwa mshipa haraka?

Jibu: Mara nyingi degedege huisha lenyewe kabla ya dakika 5. Likizidi hapo haielekei litaisha bila dawa, na dawa inayopita kwenye mshipa hufika ubongoni upesi. Hata hivyo, muuguzi huanza kwa kumlaza mtoto ubavu, kumpa oksijeni na kupima sukari ya damu, kwa sababu degedege la sukari iliyoshuka hutulizwa kwa glukosi ya asilimia 10.

Swali: Bibi yake anasema mwenye degedege akichomwa sindano hufa. Je, ni kweli?

Jibu: Si kweli, lakini bibi asidharauliwe, kwani imani hii ni ya zamani katika sehemu kadhaa za Tanzania. Watoto wengi walifikishwa hospitali wakiwa wametetemeka kwa saa nyingi, malaria ikiwa imeshapanda kichwani, wakafariki muda mfupi baada ya kuchomwa, na lawama ikaiangukia sindano badala ya kuchelewa. Ni haki pia mzazi ajue kwamba diazepamu, dawa ya kutuliza degedege, inaweza kupunguza kasi ya kupumua, hasa ikisukumwa haraka au ikirudiwa mno. Kwa hiyo kipimo hufuata uzito, takriban miligramu 0.25 kwa kila kilo, yaani miligramu 3 kwa mtoto wa kilo 12. Husukumwa polepole, na mfuko wa kumpulizia hewa huwekwa karibu na kitanda. Dozi mbili zisipofaa, daktari hageukii ya tatu, bali hubadilisha dawa, kwa mfano fenobabitali. Mshipa usipopatikana, diazepamu hupitishwa kwenye njia ya haja kubwa, miligramu 0.5 kwa kilo.

Swali: Mtoto mchanga naye hutetemeka vivyo hivyo?

Jibu: Mara nyingi hapana, na hapa ndipo wengi hukosea. Anaweza kutafunatafuna mdomo bila kunyonya, kukaza macho upande mmoja, kuchezesha miguu kama anayeendesha baiskeli, au kusita kupumua. Sababu kubwa ni kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, maambukizi na sukari kushuka. Dawa ya kwanza kwake ni fenobabitali, miligramu 20 kwa kilo, hivyo mtoto wa kilo 3 hupewa miligramu 60, taratibu kwa muda wa dakika 20 hivi.

Swali: Nifanye nini kabla ya kufika hospitali ya Mawenzi au ya KCMC?

Jibu: Mlaze ubavu, tazama saa, usimtie kijiko mdomoni wala kumnywesha chochote, na usingoje kumfukiza. Ukifika, eleza degedege lilianza saa ngapi, dawa aliyokwisha kupewa, na kama karibuni alilala Tanga au sehemu nyingine ya tambarare yenye malaria, kwani mtoto wa Moshi mjini hafikiriwi malaria upesi.