Uongo wa meno unaozunguka mtaani, tuanze na "meno ya plastiki"

Jamani hili la meno ya plastiki bado lipo na bado linaumiza watoto. Mtoto wa miezi saba nane anaharisha, ana homa, analia usiku kucha, anatokea jirani anamfungua mdomo anaona fizi imevimba kuna kaweupe, basi keshatoa hukumu, huyu ana meno ya plastiki (wengine wanaita ya nailoni), asipotolewa anakufa. Anapelekwa kwa mganga anachokonolewa kwa kisu au spoku ya baiskeli, ganzi hakuna, kinatoka kitu cheupe laini na watu wote pale "si mnaona!"

Mnachoona ni chonge la mtoto mwenyewe. Jino likiwa bado ndani ya fizi ni laini kwa sababu madini hayajakaa sawasawa, na hilo lilitakiwa litoke lenyewe akifika mwaka na nusu hivi. Kuharisha kuna sababu zake: umri huo mtoto anatambaa, kila anachookota anatia mdomoni, kaanza uji na maji, na kinga aliyotoka nayo kwa mama inapungua, yote haya yanagongana na muda wa kuota meno kwaiyo meno yanasingiziwa. Mbona wengine wanapona wakishakatwa? Kuharisha kwingi kunaisha kwenyewe ndani ya siku chache, mganga anavuna sifa za bure. Mtoto anatakiwa ORS (ile chumvi ya pakiti ya kuchanganya na maji), zinki, aendelee kunyonya na apelekwe kituo cha afya. Kile kisu kinaleta pepopunda, kuvuja damu, hata virusi vya ukimwi, na watoto wamekufa kweli. Walionusurika wengine wanakuja kukosa chonge ukubwani au linaota limeharibika, maana mbegu ya jino la ukubwani imekaa jirani kabisa na hilo lililochokonolewa.

Afu kuna hii ya "meno ya utoto ya nini kuyatibu, si yatang'oka tu". Magego ya utoto mengine yanakaa mpaka miaka 11 au 12, yakioza usaha unaweza kuharibu jino linalokuja chini yake, na yakitolewa mapema yale ya jirani yanasogea yanaziba njia, ndo chanzo kimojawapo cha meno kubanana. Tena wazazi wengi hawajui kwamba kwenye miaka 6 linaota gego la ukubwani nyuma kabisa, bila jino lolote kung'oka, kwaiyo linaota kimyakimya mtu anadhani nalo la utoto, linaachwa linaoza, na hilo halina mbadala.

Watu wa Arusha, Moshi na hata Nakuru kule Kenya wanaambiwa hawapigi mswaki kwa sababu meno yao ya kahawia. Acheni hizo. Maji ya maeneo ya volkano yana floraidi (aina ya madini) nyingi, Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita na visima vingine huko vinapita mbali, mtoto akiyanywa wakati meno yanajengeka ndani ya taya yanatoka tayari yana kasoro inayoleta rangi hiyo. Ukihamia huko mtu mzima hayabadiliki. Ukisugua kwa mkaa au limau unakwangua jino tu, rangi iko ndani. Na kuchemsha maji hakuondoi floraidi, maji yanapungua ila floraidi inabaki, na magadi ya kwenye makande nayo yanaongeza. Ila msikimbie dawa ya meno yenye floraidi, ile unaitema na inazuia kuoza, mtoto chini ya miaka 3 mwekee kama punje ya mchele.

Mengine haraka haraka. Kung'oa jino la juu hakupofushi macho, mishipa ya kuonea haipiti kwenye meno. Fizi zikitoa damu usiache mswaki, mara nyingi damu inatoka kwa sababu uchafu umekaa pale, piga taratibu kwa mswaki laini na isipokoma kamwone daktari. Mdudu wa jino hayupo, ni bakteria wanaokula sukari wanatoa asidi. Karafuu inatuliza kweli, ina mafuta yanayotia ganzi, lakini tundu linabaki palepale, na jino lililokuuma wiki nzima likinyamaza ghafla lenyewe usifurahi, huenda mshipa wa ndani ndo umekufa na usaha unaanza kujikusanya kwenye mzizi.