Kazi ya Kwanza Marekani Isiwe ya Mwisho

Sheria ya Wakimbizi ya Marekani ya mwaka 1980 inataka mkimbizi ajitegemee haraka iwezekanavyo. Ndiyo maana ndugu zetu wengi waliotoka makambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kakuma au Nakivale wanajikuta kwenye kiwanda cha nyama au ghalani muda mfupi tu baada ya kufika. Kodi ya nyumba haisubiri, kwa hiyo ichukue kazi hiyo. Kinachotusikitisha sisi washauri wa ajira ni kwamba mtu akishapata mshahara wa kwanza harudi tena ofisini, na muda wake unakwisha bila yeye kujua.

Huduma za ajira zinazogharamiwa na Ofisi ya Makazi Mapya ya Wakimbizi (ORR) zina ukomo wa miezi 60 tangu ulipoingia nchini. Katika muda huo, hata kama tayari una kazi, uliza kuhusu mafunzo ya ufundi, Kiingereza cha kazini na namna ya kurudia fani uliyosomea. Akina mama, ulizeni pia habari ya malezi ya watoto na usafiri wakati wa masomo. Sheria inayaruhusu, lakini asiyeuliza mara nyingi haambiwi.

Tukianza kuandika wasifu wa kazi, miaka ya kambini hujibiwa kwa maneno matatu: "Nilikuwa nakaa tu." Tukizidi kuuliza, inajulikana kwamba huyo aliyekuwa anakaa tu alikuwa mhudumu wa afya ya jamii. Alizunguka nyumba kwa nyumba, akapima watoto utapiamlo kwa utepe wa mkononi, akajaza rejista na kupeleka ripoti. Alilipwa posho ndogo, ndiyo, lakini ile ilikuwa kazi! Iandike: mahali, miaka, na ulichokifanya.

Mtu kama huyo, au muuguzi wa A2 (ngazi ya sekondari huko Kongo) aliyesomea Bukavu au Uvira, hawezi kuanza hapa kama muuguzi mwenye leseni. Lakini mlango wa CNA, yaani msaidizi wa muuguzi, uko karibu. Sheria ya shirikisho inadai mafunzo ya saa zisizopungua 75, zikiwemo 16 za vitendo chini ya usimamizi, kisha mtihani. Majimbo mengine yanadai saa zaidi. Kama nyumba ya wazee inayopokea fedha za Medicare au Medicaid, yaani bima za afya za serikali, imekuajiri au kukuahidi kazi kabla hujaanza mafunzo hayo, haipaswi kukutoza ada wala pesa ya vitabu. Ukijilipia mwenyewe, kisha nyumba ya namna hiyo ikakuajiri ndani ya miezi 12 baada ya kumaliza, jimbo linatakiwa kukurudishia gharama. Tunza kila risiti.

Jambo la mwisho ni karatasi. Mkimbizi ana haki ya kufanya kazi tangu anapopokelewa nchini. Kwenye fomu ya I-9, ambayo mwajiri huitumia kuthibitisha kwamba unaruhusiwa kufanya kazi, ni wewe unayechagua hati zipi utaonyesha kati ya zinazokubalika. Kitambulisho cha jimbo pamoja na kadi ya Social Security (hifadhi ya jamii) isiyoandikwa masharti vinatosha. Mwajiri aking'ang'ania kadi ya ukaazi wa kudumu, anavunja sheria. Kitengo cha haki za wahamiaji na wafanyakazi katika Wizara ya Sheria kinapokea malalamiko hayo, ila yafikishwe ndani ya siku 180 tangu tukio.