Hedi ya pampu: namba inayoamua kama mfereji wa kuoshea dhahabu utapata maji

Boksi la pampu dukani huwa na namba tatu kubwa. Tuchukue pampu ya petroli ya kawaida: mdomo wa inchi 2, lita 600 kwa dakika, mita 30. Wanunuzi wengi huzisoma pamoja, kwamba pampu hiyo itawapa lita 600 kila dakika na kuzipandisha mita 30. Haiwezekani. Lita 600 ni maji yanayotoka pampu ikiwa haipandishi chochote, mdomo wake ukiwa wazi. Mita 30 ni kimo ambacho maji yakikifikia yanasimama ndani ya mpira, halitoki hata tone. Kazi yako wewe mwosha dhahabu iko mahali fulani kati ya namba hizo mbili, na kinachosema ni mahali gani ni hedi.

Hedi ni mzigo wote ambao pampu inaubeba, ukipimwa kwa mita za maji. Sehemu yake ya kwanza ni kimo halisi, kutoka uso wa maji mtoni au kwenye dimbwi hadi pale mpira unapomwaga juu ya mfereji. Sehemu ya pili haionekani kwa macho, nayo ni msuguano wa maji ndani ya mpira, kwenye viungio, kwenye koki na kwenye chujio. Kila mzigo huo unapokua, lita zinapungua. Hakuna pampu ya aina hii inayokwepa sheria hiyo, iwe ya bei ghali au ya bei rahisi.

Ndiyo maana nashauri mtu asianze dukani. Aanze kwenye mfereji wake.

Mfereji wa kuoshea, ule wa mbao au bati wenye kingo, uliotandikwa zulia na kuwekewa vizuizi vya kukatisha, unafanya kazi kwa sababu dhahabu ni nzito kupita kiasi. Dhahabu safi ina uzito wa takriban mara 19 ya maji. Mchanga wa kwatzi hauzidi sana mara mbili na nusu, na ule mchanga mweusi wenye chuma unafika mara tano hivi. Maji yakienda kwa kasi inayofaa, mchanga mwepesi unaruka vizuizi na kuondoka, dhahabu inazama na kubaki kwenye zulia. Maji yakiwa haba, mchanga unajaa nyuma ya vizuizi na kuganda, na dhahabu inayokuja baadaye inateleza juu yake hadi kwenye marudio, yaani mchanga uliokwisha oshwa unaotoka mwisho wa mfereji. Yakizidi, dhahabu ya unga inabebwa pamoja na mchanga.

Kasi ya karibu mita 1 kwa sekunde na kina cha sentimita 3 ni pazuri pa kuanzia kwa mfereji mdogo, ukiwa na mteremko wa sentimita 8 hivi kwa kila mita ya urefu. Sasa hesabu ni kuzidisha tu. Mfereji wenye upana wa sentimita 30, kina cha maji sentimita 3, kasi ya mita 1 kwa sekunde, unahitaji lita 9 kila sekunde, yaani lita 540 kwa dakika. Hiyo ndiyo namba ya kwenda nayo dukani, na lazima ifike mdomoni mwa mpira kule juu. Kutoka tu kwenye pampu hakutoshi.

Tuipeleke hesabu hiyo Chunya, mkoani Mbeya. Dhahabu ya mchangani iligunduliwa huko Lupa mwaka 1922, na hadi leo wachimbaji wadogo wanaosha kando ya vijito vinavyoelekea Ziwa Rukwa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Kwa hiyo mwalo, yaani mahali pa kuoshea, unatakiwa uwe mbali na maji, na mpira wako hauwezi kuwa mfupi. Tuseme mpira una mita 60, na mfereji uko mita 6 juu ya uso wa maji.

Mita 6 zinaonekana kidogo mbele ya mita 30 za boksi. Lakini ukijaribu kupitisha lita 500 kwa dakika katika mpira wa inchi 2 wenye urefu huo, msuguano peke yake unakula karibu mita 20. Pampu inajikuta imebebeshwa zaidi ya mita 25, na haiwezi kutoa lita 500 ikiwa na mzigo huo. Itashuka mpaka pale nguvu yake na mzigo zinapolingana. Kwa makadirio yangu pampu hii ya lita 600 itaishia kwenye lita 380 hivi. Mwenye mfereji wa sentimita 30 ataona maji membamba, mchanga umeganda, na ataamini kwamba ameuziwa pampu mbovu.

Badilisha mpira tu, uweke wa inchi 3, pampu ikiwa ileile. Msuguano unashuka kutoka mita 20 hadi chini ya mita 3, kwa sababu unategemea sana kipenyo: ukikiongeza mara moja na nusu, msuguano kwa kiasi kilekile cha maji hupungua zaidi ya mara saba. Sasa zinafika lita 500 au karibu na hapo. Fedha ya mpira mnene mara nyingi inasaidia kuliko fedha ya injini kubwa, tena mpira haunywi petroli. Pampu ndogo ya inchi 2 inatumia lita moja hivi ya petroli kwa saa ikifanya kazi kwa nguvu, na ya inchi 3 inatumia zaidi, kila siku ya kazi, msimu mzima.

Njia nyingine, ambayo ningeijaribu hata kabla ya hiyo, ni kupunguza upana wa mfereji. Ukiufanya sentimita 20, kina na kasi vikibaki vilevile, unahitaji lita 360 tu, na zile 380 za mpira mwembamba zinatosha. Mchanga utakaoupitisha kwa saa utapungua, hilo ni kweli. Lakini mfereji mwembamba wenye maji yake kamili unakamata dhahabu kuliko mpana wenye kiu. Kupigilia ubao mmoja wa ndani ni kazi ya nusu saa.

Hapo utaona pia kwa nini pampu fulani zinazosifiwa hazifai kazi hii. Pampu ya kuoshea magari ina presha kubwa na maji kidogo. Pampu ya kuzamisha kisimani imetengenezwa kupandisha maji mita nyingi, na nyingi za bei nafuu hutoa lita chache kwa dakika. Pampu za kuzimia moto zenye hedi ya mita 80 au 90 zinauzwa kwa bei ya juu, na mwosha dhahabu halipwi kwa presha. Tafuta pampu ya maji mengi na hedi ya wastani, kama zile za umwagiliaji. Ukipata ile ya maji machafu, inayopitisha vijiwe bila kukwama, ni bora zaidi, maana maji ya mwaloni yana tope na kokoto.

Sasa upande wa kuvuta, ambao una hatari yake. Pampu iliyoko juu haivuti maji kama tunavyodhani. Inaondoa hewa ndani ya bomba, kisha hewa ya nje inayasukuma maji yapande. Usawa wa bahari, hewa inaweza kuyapandisha mita 10 na kidogo kwa nadharia, na pampu nyingi huandikwa mita 7 au 8. Chunya mjini ni karibu mita 1,500 juu ya bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, na hata kwa nadharia haivuki mita 8 na nusu hivi. Kwa vitendo usitegemee zaidi ya mita 6, na ukiweza ibaki 3 au 4. Injini nayo inapoteza nguvu, takriban asilimia 3.5 kwa kila mita 300 za mwinuko, kwa hiyo zile lita nilizokadiria hapo juu zihesabu kuwa kikomo cha juu.

Kikomo hicho cha kuvuta ndicho kinachowafanya watu waishushe pampu ya petroli ndani ya shimo ili iyakaribie maji. Tafadhali usifanye hivyo, na usimruhusu kijana wako afanye hivyo. Moshi wa injini una gesi ya kaboni monoksidi, haina harufu wala rangi, na shimoni haina pa kutokea. Inaua aliyeshuka, kisha inaua anayeshuka kumwokoa. Maji yakiwa chini kuliko pampu inavyoweza kuvuta, yanahitaji pampu ya umeme ya kuzamishwa inayotoa maji mengi, injini ya jenereta ikibaki juu mbali na mdomo wa shimo. Vinginevyo chimba dimbwi la kupokelea maji mahali pa chini.

Bomba la kuvutia liwe gumu, lisilobonyea, fupi kadiri inavyowezekana, na viungio vyake vikazwe kwa klipu. Tundu dogo la hewa linatosha kuifanya pampu izunguke bure. Jaza maji kwenye mwili wa pampu kabla ya kuwasha, kwani ikizunguka kavu, sili yake ya kuzuia maji kuvuja huungua. Chujio lining'inie kwenye kikapu au ndoo yenye matundu, lisilale kwenye matope.

Kiangazi vijito vingi hukauka, na wengi huzungusha maji yaleyale. Yapitishe kwenye madimbwi mawili, la kwanza tope litue, la pili pampu ivute. Maji mazito kwa tope yanaishika dhahabu ya unga na kuichelewesha kuzama, hata kama lita zote unazo. Kama unachota mtoni, ulizia kibali kwenye Bodi ya Maji ya Bonde kabla ya kununua chochote, pamoja na leseni ndogo ya uchimbaji.

Siku ya kuwasha, usiamini macho. Weka pipa la lita 200 pale mfereji utakapokuwa, mimina maji kwa mpira uleule na injini kwa mwendo uleule wa kazi, upime kwa saa ya simu. Likijaa kwa sekunde 24, una lita 500 kwa dakika. Likichukua sekunde 32, una kama 375, na unajua upana gani wa mfereji utaweza kuuhudumia. Halafu osha mchanga kidogo, chota marudio kutoka mwisho wa mfereji na uyapepete kwenye karai. Ukiona dhahabu humo huku mchanga umejaa nyuma ya vizuizi, maji hayatoshi. Ukiona dhahabu humo na vizuizi viko vitupu, punguza mafuta ya injini au laza mfereji kidogo, kisha upepete tena.