Kitumbua cha Benshi: Habari za Wasimulizi wa Sinema Bubu wa Japani

Kwa miaka mingi nimepata riziki kwa kuandika tafsiri zile zinazopita chini ya filamu: mistari miwili, sekunde chache, kisha maneno yanafutika na mengine yanakuja. Ni kazi ambayo huhesabiwa kuwa imefanikiwa pale mtazamaji anaposahau kwamba alikuwa akisoma. Labda ndiyo maana nimevutiwa, pengine kuliko inavyonipasa, na kundi la wasanii ambao kitumbua chao kiliingia mchanga siku maandishi ya aina hii yalipowafikia watazamaji wao, ilhali wao, kinyume na mimi, walionekana, walisikika na walishangiliwa kwa majina. Waliitwa benshi. Walikuwa wasimulizi wa sinema bubu nchini Japani, na nje ya nchi hiyo ni watu wachache wanaoweza kumtaja hata mmoja wao.

Msomaji aliyekulia Dar es Salaam, Nairobi au Kampala hahitaji maelezo marefu ili aelewe kazi yenyewe. Aliyeketi kwenye banda la video akamsikiliza Kapteni Derek Mukandala, yule tuliyemjua kwa jina la Lufufu, au DJ Afro wa Kenya, anajua jinsi sauti ya mtu wa pembeni inavyoweza kuimeza filamu hata ukaisahau lugha yake ya asili. Tofauti ni kwamba Lufufu alirekodi sauti yake kwenye kanda na kanda ikasafiri bila yeye. Benshi alisimama ukumbini mwenyewe, onyesho kwa onyesho, na akiugua koo hapakuwa na kanda ya kumwokoa.

Mwanzo wao ulikuwa wa kawaida kabisa. Mashine ya Edison, ile ya kuchungulia mtu mmoja mmoja, ilionyeshwa Kobe mwaka 1896, na mwaka uliofuata zikaja mashine za kutupa picha ukutani. Watu walilipa ili waione mashine kama walivyolipa ili waone picha, kwa hiyo alihitajika mtu wa kueleza inavyofanya kazi, nani aliyeibuni, na kile kinachoonekana kinatokea nchi gani. Filamu zenyewe zilikuwa fupi mno, na maelezo ndiyo yaliyozifanya zitoshe kuwa burudani ya jioni. Hapo ndipo inaposimuliwa habari ya msimulizi mmoja wa Osaka ambaye alionyesha ile filamu ya Marekani ya mwaka 1896 ya mwanamume na mwanamke wanaobusiana, na kwa kuchelea fedheha na polisi akawaeleza watazamaji kwamba kwa watu wa Magharibi kubusiana ni salamu tu, kama Mjapani anavyompiga mwenzake begani. Tafsiri hiyo si sahihi, lakini kwa jioni ile ilikuwa ndiyo tafsiri iliyofaa, na mimi niliyewahi kulainisha matusi ya filamu ili yapite mbele ya wazee sina ujasiri wa kumlaumu.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini jambo hili lilidumu Japani wakati Ulaya na Marekani wasimulizi wa aina hiyo walitoweka mapema. Jibu ninaloliamini ni kwamba Wajapani walikwisha kuzoea kuona mwili mahali pamoja na kusikia sauti yake mahali pengine. Katika bunraku, maigizo ya jadi ya wanasesere, mwanasesere huchezeshwa katikati ya jukwaa na mghani huketi pembeni, akitoa sauti ya mama, ya mtoto na ya samurai kwa koo moja. Katika kabuki, tamthilia ya jadi ya waigizaji, pia wamo waghani. Sinema ilipofika ilikuta kiti cha msimulizi tayari kimewekwa.

Miaka ya 1920 ukumbi ulikuwa hivi. Upande mmoja wa jukwaa, kando ya skrini, palikuwa na meza ndogo yenye taa hafifu iliyotosha kuangazia karatasi tu. Benshi aliingia amevaa mavazi rasmi ya Kijapani au koti la Kizungu, akainama, watu wakalitaja jina lake kwa kelele, taa zikazimwa. Chini walikaa wanamuziki, na katika kumbi nyingi fidla ya Kizungu ilipigwa pamoja na shamisen, ala ya nyuzi tatu. Benshi ndiye aliyekuwa kiongozi wa onyesho, na aliyezungusha mashine ya picha alitakiwa kupunguza au kuongeza mwendo ili mandhari ya kilio yamtoshe msimulizi. Jina lake liliandikwa kwenye mabango, mara nyingine kubwa kuliko la mwigizaji, na watu walichagua ukumbi kwa kuangalia nani anasimulia. Kufikia mwaka 1927 walihesabiwa zaidi ya 6,800 nchini kote, na kati yao wanawake walikuwa 180 hivi.

Uwezo wao wa kubadilisha maana ya picha uliwahi kufikia kiwango cha kuchekesha. Filamu moja ya Kifaransa kuhusu mwisho wa utawala wa Louis XVI ilizuiwa na polisi mwaka 1908, kwa kuwa nchi yenye mfalme mtukufu haikupenda kuona mfalme akipinduliwa. Inaelezwa kwamba ilirudi kumbini haraka sana ikiwa na jina jipya, sasa ni kisa cha ajabu cha Amerika Kaskazini kuhusu mfalme wa mapangoni: Louis akawa mkuu wa majambazi katika milima ya Rocky, na umati unaolivamia gereza la Bastille ukawa raia wema wanaowasaidia polisi. Hakikukatwa kipande cha picha hata kimoja, maneno peke yake ndiyo yaliyobadilishwa. Serikali nayo ililiona hilo, kwani kuanzia mwaka 1917 polisi wa Tokyo waliwataka wasimulizi wawe na leseni, na kanuni za ukaguzi za mwaka 1925 zikadai maandishi ya usimulizi yawasilishwe pamoja na filamu yenyewe.

Kati ya wote hao ninayempenda zaidi ni Tokugawa Musei, aliyezaliwa mwaka 1894. (Kwa desturi ya Wajapani ukoo hutangulia, lakini wasanii hawa huitwa kwa jina la jukwaani, kwa hiyo nitamwita Musei.) Alishindwa mtihani wa kuingia shule ya juu aliyoitamani na akaangukia kwenye usimulizi. Hata jina lake lina mzaha ndani yake: alifanya kazi katika ukumbi wa Aoi-kan mtaani Akasaka, na kwa kuwa aoi ni mmea uliokuwa nembo ya ukoo wa watawala wa zamani, Tokugawa, naye akabandikwa jina la watawala hao. Musei maana yake ni sauti ya ndotoni.

Wasimulizi waliomtangulia walighani kwa mapigo ya silabi saba kisha tano, kama mshairi wetu anavyohesabu mizani minane kwa minane, na waliipamba kila picha kwa misemo iliyokwisha kukaririwa na watazamaji. Musei aliacha hayo. Alisema kwa sauti ya chini, ya mazungumzo, na picha ilipojieleza yenyewe alinyamaza. Alisimulia filamu za kigeni, ikiwemo ile ya Kijerumani ya Daktari Caligari, mbele ya watazamaji wengi wao wakiwa wasomi waliochoshwa na vigelegele vya kale. Wajapani wana neno ma kwa ile nafasi iliyo kati ya neno na neno, na sifa aliyobaki nayo Musei hadi kifo chake mwaka 1971 ni kwamba hakuna aliyeijua nafasi hiyo kama yeye. Nilipoanza kazi nilijaza kila sekunde kwa maandishi, nikidhani kwamba mteja analipia wingi wa maneno, na ni kwa kusoma habari za mtu huyu ndipo nilipojifunza kuiacha skrini tupu.

Kisha sauti ikaja. Filamu za Kimarekani zenye mazungumzo zilianza kuonyeshwa Japani mwaka 1929, na mwanzoni benshi walijaribu kusimulia juu ya sauti za waigizaji, au sauti ya mashine ikapunguzwa ili wao wasikike. Ilikuwa vurugu tupu. Dawa ilipatikana kwenye filamu ya Morocco, iliyoonyeshwa mapema mwaka 1931: Mjapani mmoja, Tamura Yoshihiko, alikuwa amepelekwa New York kuandika tafsiri juu ya picha zenyewe. Watu wakagundua kwamba wanaweza kumsikia mwigizaji wake, Marlene Dietrich, kwa sauti yake na bado wakaelewa. Mwaka huohuo studio ya Shochiku ikatoa filamu ya Kijapani yenye sauti iliyovuma, na mwaka 1932 kumbi zikaanza kuwaachisha kazi wasimulizi na wanamuziki, nao wakagoma. Walishindwa.

Miongoni mwa viongozi wa mgomo alikuwamo kijana aliyejiita Suda Teimei, msimulizi wa filamu za kigeni, ambaye jina lake halisi lilikuwa Kurosawa Heigo. Mdogo wake ni Akira, ambaye dunia ilikuja kumjua kama mwongozaji. Heigo ndiye aliyemwongoza mdogo wake katika vitabu na filamu, na ndiye aliyemtembeza Tokyo baada ya tetemeko la mwaka 1923, akamkataza kufumba macho mbele ya maiti. Mwaka 1933, baada ya mgomo kuvunjika, alijiua akiwa na umri wa miaka 27. Haingekuwa haki kudai kwamba filamu za sauti peke yake ndizo zilizomuua, kwani mtu ni zaidi ya ajira yake. Miaka michache baadaye Akira, akiwa bado mwongozaji msaidizi, alikutana kazini na Musei, ambaye alimkazia macho akamwambia kwamba anafanana kabisa na kaka yake, ila kaka alikuwa hasi na yeye ni chanya, kama filamu iliyopigwa na picha inayosafishwa kutokana nayo. Akira aliyakumbuka maneno hayo hadi uzeeni, na aliamini kwamba chanya hiyo isingepatikana bila hasi iliyoitangulia.

Musei mwenyewe alikuwa amehamia upande wa pili wa skrini. Aliigiza baba wa familia maskini katika filamu za miaka ya 1938 na 1939, na redioni akawa maarufu kwa kusoma riwaya ya samurai Miyamoto Musashi. Otsuji Shiro alichukua uchekeshaji wake wa ukumbini, akausimamisha peke yake bila filamu, akauita mandan, na mwaka 1933 alikuwa pamoja na Musei miongoni mwa walioanzisha kundi la vichekesho huko Asakusa, mtaa wa burudani wa Tokyo. Alifariki Aprili 1952 katika ajali ya ndege iliyogonga mlima wa kisiwa cha Oshima. Okura Mitsugi hakuwa na haja na jukwaa, kwani alinunua kumbi za sinema, na mwaka 1955 akawa rais wa studio ya Shintoho. Ninakiri kwamba filamu alizozisimamia hazinivutii sana. Wengi wa wale 6,800 hawakuwa na bahati hizo, na baadhi yao walipanda baiskeli zenye sanduku la picha za karatasi, wakazunguka mitaani kuwauzia watoto peremende na kuwasimulia hadithi, picha baada ya picha, kwa sauti ileile iliyokuwa imejaza kumbi.

Sanaa yenyewe iliokolewa na mtu aliyezaliwa amechelewa. Matsuda Shunsui, wa mwaka 1925, alisimulia tangu utotoni, na baada ya Vita vya Pili vya Dunia alizunguka na filamu bubu kwenye vijiji vya wachimba makaa ya mawe kule Kyushu. Filamu nyingi zilikwisha kuungua katika tetemeko na mabomu, kwa hiyo alianza kununua kila mzingo aliokutana nao, mzima au uliokatika, mpaka mkusanyo wake ukawa miongoni mwa mikubwa zaidi ya filamu bubu za Kijapani. Mwaka 1972 mwanamke kijana, Sawato Midori, alimsikia akisimulia filamu ya mwongozaji Mizoguchi ya mwaka 1933 kuhusu msanii wa kike wa maonyesho ya maji, anayemsomesha sheria kijana ampendaye na mwishowe kumkuta mahakamani akiwa ndiye mwendesha mashtaka wake. Sawato aliomba kuwa mwanafunzi wa Matsuda. Tangu mwalimu wake alipofariki mwaka 1987 ameendelea kusimama kando ya skrini, taa ndogo ikiangazia karatasi alizoziandika mwenyewe, na katika tukio lile la mahakama sauti ya mshtakiwa na ya mwendesha mashtaka zote mbili ni zake.