Kurusha machungwa si kiini macho

Jioni kwenye bustani ya Forodhani, Unguja, kijana akirusha machungwa matatu na kuyadaka bila kuangusha hata moja, hakosekani mtu wa kusema ni kiini macho, au kwamba mikono yake ni myepesi kuliko ya binadamu wa kawaida. Dhana hii ni ya zamani, na inamnyima kijana sifa anayostahili.

Siri iko kwenye kimo. Chungwa likipanda juu zaidi hukaa hewani zaidi, na mkono hupata nafasi ya kudaka jingine. Lakini ukitaka likae hewani muda mara 2, lazima kimo chake kiwe mara 4. Ndiyo maana kuongeza chungwa moja tu ni kazi kubwa. Macho nayo hayalifuati kila chungwa, wala hayatazami mikono. Hutulia pale juu, chungwa linapoanza kushuka, na mkono hujua litakapotua. Machungwa 4, kwa kawaida, hayapishani kabisa: kila mkono una 2 yake, ingawa mtazamaji angeapa vingine. Ustadi wenyewe ni wa kale. Makaburi ya Beni Hasan, Misri, yana picha za wanawake wakirusha mipira takriban miaka 4,000 iliyopita.

Tunakosea pia tunaposema mama fulani anafanya mambo yote kwa pamoja. Kama kwa machungwa, mkononi mwake lipo moja tu, mengine yako hewani: urojo unachemka jikoni huku akimvisha mtoto sare ya skuli, na dawa ya mgonjwa inangoja saa yake.