Kabla hujatia kifuko cha silika kwenye mkebe wa hati zako

Watu wengi wanaoleta nyaraka za nyumbani kwenye karakana yetu ya uhifadhi huja nazo ndani ya mfuko wa plastiki. Humo huwa mna vifuko viwili vitatu vyeupe, vile vinavyotoka kwenye maboksi ya viatu. Hati ya nyumba imeshaota kuvu, picha za harusi zimegandana, na mwenyewe anashangaa: mbona niliweka dawa?

Ile si dawa. Ni chembe za silika, jamaa wa mchanga kwa asili yake ya kikemia, ila zimejaa vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho. Kuta za vitundu hivyo, katika gramu moja tu, zingetandazwa zingefunika mamia ya mita za mraba. Mvuke wa maji hunata humo. Vitundu vikijaa, kazi imekwisha. Na kifuko kilicholala mwezi mzima kwenye droo Tanga, Mombasa au Unguja, ambako unyevu wa hewa aghalabu hupita asilimia 75, kimeshajaa kabla hujakituma kazi yoyote.

Sasa hesabu kidogo, maana hapa ndipo wengi tunapokosea. Mkebe wa lita 10 uliofungwa katika joto la nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80 una takriban robo gramu ya maji hewani. Hayo kifuko kimoja kikavu kinayaweza. Lakini karatasi zenyewe zimekunywa maji! Kilo moja ya karatasi, ili ishuke kutoka unyevu wa asilimia 80 hadi 50, inabidi iachie gramu 30 hivi. Silika, unyevu ukiwa asilimia 50, hubeba karibu robo ya uzito wake, kwa hiyo utahitaji gramu 120 kavu. Ukitegemea vifuko vya gramu 2, hivyo ni 60. Ndiyo maana viwili vyako havikufua dafu.

Anza basi na karatasi. Zitandaze ndani, kivulini, feni ikizunguka, alasiri ya siku isiyo na mvua. Jua huchujua wino. Kisha zitie kwenye chombo kisichopitisha hewa kabisa. Sanduku la mbao halifai kwa kazi hii, wala bahasha. Ukitumia silika kwenye kabati linalovuja hewa, unakausha Bahari ya Hindi kwa kijiko.

Kukausha silika si kazi ngumu. Zimwage chembe kutoka kwenye vifuko, kwani vingi vina plastiki inayoyeyuka, uzitandaze kwenye trei ya chuma, na uziache kwenye oveni ya nyuzi 120 kwa saa mbili. Asiye na oveni atumie bati lililopigwa na jua la saa sita mchana: hazitakauka kabisa, lakini zitaachia maji mengi. Zikusanye zingali moto, si jioni, uzifungie kwenye chupa ya kioo yenye mfuniko mzuri hadi zipoe. Ukiziacha zipoe wazi, zinaanza kunywa upya.

Kisha zipime. Hiki ndicho kipimo ninachokiamini kuliko rangi ya zile chembe zinazobadilika zikishiba. Tia gramu 50 kavu kwenye kifuko cha kitambaa cha pamba, andika uzito juu yake, na upime tena kila baada ya wiki chache. Kikifika gramu 60, rudi kwenye oveni. Chembe zilezile zitakutumikia miaka.

Zile za buluu zinazogeuka waridi zina kloridi ya kobalti, ambayo inahusishwa na saratani. Zisiingie kwenye vyombo vya kupikia. Pia si kila kifuko ni silika. Vile vya kwenye pakiti za vyakula mara nyingi vina unga mweusi wa chuma wa kunasa oksijeni, na havikaushiki. Vingine vina kloridi ya kalsiamu, ambayo ikishiba huwa maji na kuvujia hati. Silika tupu si sumu, lakini mtoto anaweza kukabwa nayo, na vumbi lake lisivutwe puani.

Picha na vitabu vyenye jalada la ngozi visikaushwe kupita kiasi. Chini ya asilimia 30 ngozi hupasuka na picha hujikunja, hivyo kipima unyevu kidogo cha dijitali kikae ndani ya mkebe. Picha zilizokwisha gandana usizibandue kwa kisu. Zilete kama zilivyo.

Na mchele badala ya silika? Ukikaangwa hunywa unyevu kidogo, ni kweli. Ila fukusi nao wanaupenda, na panya pia.